SOMO LETU: MASHINI ZINAZOSAIDIA WAZEE WANAOPOTEZA KUMBUKUMBU



Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi kati yenu wameliona nyumbani, lakini ku masomo hatulisemi sana. Ni jambo la wazee wanaopoteza kumbukumbu. Tena tutaona namna watu wenye elimu wanajaribu kuwasaidia kwa njia ya ordinatere, ni kusema ile mashini ambayo wengine wanaiita kompyuta. Musome polepole, kalamu ku mukono. Kwa mwisho iko maulizo.

1. MAMA MUZEE NA CHUMVI

Tuanze na mufano. Mama muzee mumoja anatoka nyumbani asubuhi kwenda kununua chumvi. Njia ya soko ameifuata miaka 40. Saa sita hajarudi. Saa tisa wajukuu wanamukuta kule mwisho wa muji, amekaa chini ya muti, makuta iko ndani ya kitambaa, chumvi hana. Anawauliza kama mama yake amekwisha kupika. Lakini mama yake alikufa zamani sana, hata wajukuu hawakumujua. Siku nyingine anaweka viatu ndani ya chungu. Usiku anaamka, anapiga mulango wa jirani, anaita mutu asiyekuwa pale.

Basi watu wa mutaa wanaanza kusema. Mumoja anasema: "Huyu amerogwa." Mwingine anajibu: "Hapana, yeye mwenyewe njo mulozi. Juu ya nini anatembea usiku?" Tangu siku ile watoto hawamusogelei tena. Chakula wanamuwekea ku mulango, kisha wanakimbia.

Munajua mambo haya yanafika wapi. Wazee wamoja wamefukuzwa nyumbani, wengine wamepigwa, wengine wameuawa. Kwa hiyo somo hili si la kupitisha wakati tu. Ni somo la kujua mutu ni mugonjwa, kusudi tusimuhukumu bure.

2. UGONJWA WENYEWE

Wanganga wanauita ugonjwa huu demansi. Si ugonjwa mumoja tu, ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu bongo polepole. Ule unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Kati ya wagonjwa 100 wa demansi, karibu 60 mpaka 70 wako na ule.

Jina linatoka kwa munganga mumoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka wa 1901, ku lopitali ya Frankfurt, alipokea mwanamuke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter. Alikuwa anasahau vitu alivyoonyeshwa dakika chache mbele. Yule mama alikufa mwaka wa 1906, na Alzheimer akachunguza bongo yake kwa mikroskopi. Aliona vitu viwili: uchafu uliojikusanya katikati ya chembe za bongo, na nyuzi zilizofungamana ndani ya chembe zenyewe. Mwaka ule ule aliwaeleza wanganga wenzake ku muji wa Tübingen. Mukaone: ndani ya bongo kulikuwa alama za ugonjwa, si uchawi.

Wamoja wanasema: "Ni ugonjwa wa Wazungu." Hapana. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa na demansi, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika inchi zisizokuwa tajiri. Karibu na sisi, kati ya mwaka wa 2008 na 2009, wanganga walichunguza watu wa miaka 65 na zaidi katika miji ya Bangui na Brazzaville. Ku Bangui walikuta 8,1 kwa mia wako na demansi. Ku Brazzaville, ngambo ya mto, 6,7 kwa mia. Fanyeni hesabu: kama kanisa liko na wazee 60 wa miaka ile, inawezekana wane ao watano kati yao ni wagonjwa.

Namna gani kumbukumbu inapotea? Ndani ya bongo kuna sehemu ndogo inayoitwa ipokampo. Kazi yake ni kusaidia kuweka mambo mapya. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ile inaharibika mapema. Kwa hiyo mugonjwa anasahau alichokula asubuhi, lakini anaweza kueleza vizuri harusi yake ya miaka 50 iliyopita. Mambo ya zamani yanakaa zaidi kuliko ya jana. Tena nyimbo mara nyingi zinabaki wakati maneno mengine yamekwisha kwenda. Mushike jambo hili, tutalirudilia.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia. Kama muzee anachanganyikiwa kwa gafula, kwa siku moja ao mbili, musiseme haraka kwamba ni demansi. Malaria, homa kali, sukari ya damu ao dawa zisizofaa zinaweza kuleta machafuko ya akili, na mambo yale yanaweza kuponyeka. Mumupeleke ku lopitali. Demansi inakuja polepole, kwa miezi na miaka, na mpaka leo hakuna dawa inayoiponya kabisa. Njo maana watu wanatafuta njia nyingine za kusaidia.

3. MASHINI TATU

Tutaangalia mashini tatu. Hazikutoka huku kwetu, zimetoka mbali. Tumezichagua kwa sababu kila moja inashika mahali pa nguvu moja ambayo mugonjwa anapoteza: nguvu ya kufuata kazi kwa mupango, nguvu ya kuzungumza, na nguvu ya kujua njia.

A. Mashini inayoongoza mikono

Kunawa mikono ni kazi rahisi, sivyo? Lakini muihesabu vizuri. Unafungua maji, unalowanisha mikono, unakamata sabuni, unasugua, unasuuza, unafunga maji, unakamata kitambaa na kupangusa. Mugonjwa wa demansi anaweza kujua kila kipande cha kazi hii, lakini kamba inayounganisha vipande inakatika. Anapangusa mikono mbele ya kuilowanisha, ao anasimama tu na sabuni mukononi. Basi binti yake anasimama karibu na kumuagiza kila mara: "Fungua maji! Sasa sabuni!" Mama mukubwa anaagizwa sawa mutoto mudogo, tena na mutoto aliyemuzaa. Wote wawili wanapata haya.

Ku Iniversite ya Toronto, inchi ya Kanada, Alex Mihailidis na wenzake walitengeneza mashini yenye jina COACH. Inafanya kazi hivi: kamera inafungwa juu ya beseni. Ordinatere inaangalia picha na kufuata mahali mikono inakuwa, kusudi ijue mugonjwa amefika kwa kipande gani. Akienda vizuri, mashini inanyamaza. Akisimama ao akikosea, inamungojea kidogo, kisha sauti inamwambia kitu cha kufanya. Kama haisaidii, inamwambia kwa maneno wazi zaidi na kumuonyesha sinema fupi ya kazi ile. Kama bado, inaita mutu aje. Mugonjwa hafinyi kitu, hajifunzi kitu kipya. Hii ni akili nzuri, kwa maana mutu anayepoteza nguvu ya kujifunza hawezi kufundishwa mashini.

Mwaka wa 2008 waliandika matokeo. Waliijaribu na wazee sita. Wale wenye ugonjwa wa katikati waliweza kufanya peke yao vipande 11 kwa mia zaidi ya mbele, na kazi ya mulinzi ya kuingia katikati ilipunguka 60 kwa mia. Sita ni watu wachache, tusipige kelele sana. Lakini tunaona mufano: musaada muzuri unakuja kwa kipimo, unanyamaza wakati hautakiwi.

B. Mashini inayofungua mazungumzo

Kukaa na mutu anayesahau ni kazi nzito. Anauliza ulizo moja mara kumi. Wewe unachoka, unanyamaza, na yeye pia ananyamaza. Siku zinapita hivi, watu wawili ndani ya chumba kimoja bila neno.

Ku inchi ya Scotland, katika iniversite mbili, Dundee na St Andrews, watu watatu wa kazi mbalimbali walikutana kwa shida hii: Norman Alm, mwenye elimu ya ordinatere; Arlene Astell, mwenye elimu ya akili za watu; na Gary Gowans, fundi wa michoro. Katika miaka ya 2000 walitengeneza mashini yenye jina CIRCA. Ni ordinatere yenye kioo ambacho unagusa kwa kidole, bila kuandika. Mugonjwa na mulinzi wanakaa pamoja, bega kwa bega, mbele ya kioo. Wanachagua habari moja, kwa mufano michezo, ao maisha ya zamani ya muji wao. Kisha wanachagua mafoto, muziki ao sinema fupi. Kila mara mashini inaleta vitu vingine, kusudi mulinzi pia asizoee.

Sasa musikilize jambo la ajabu. Mutu angefikiri kwamba mafoto ya jamaa yangefaa zaidi: foto ya bwana yake, ya watoto wake. Walipolinganisha, waliona kinyume. Mafoto ya watu wote, sawa soko, masomo ao kazi ya zamani, yalifungua habari nyingi kuliko mafoto ya jamaa. Kwa nini? Kwa sababu foto ya jamaa inaleta ulizo: "Huyu ni nani?" Ulizo lile ni mutihani. Mugonjwa anatafuta jina, halipati, anasikia haya, ananyamaza. Lakini foto ya soko haina jibu la kweli wala la uongo. Anaweza kusema lolote linalomufikia, na lote ni zuri.

Tena waliona kwamba, wakati wa mazungumzo ya kawaida, mulinzi njo anauliza na mugonjwa anajibu tu. Mbele ya mashini ile, mugonjwa naye alianza kuchagua na kuongoza habari. Walikuwa sasa watu wawili wanaozungumza, si mwalimu na mwanafunzi.

Je, munakumbuka tuliyosema juu ya ipokampo? CIRCA haisumbui sehemu iliyoharibika. Inapiga hodi ku mulango ambao ungali wazi: mambo ya zamani, nyimbo, mikono iliyofanya kazi.

C. Mashini inayoonyesha mahali mutu anakuwa

Mama wa mufano wetu alipotea njia ya soko. Katika inchi mingi sasa jamaa wanamuvalisha mugonjwa chombo kidogo cha GPS, ku mukono, ku shingo ao ndani ya kiatu. Wanafunzi wa fizika, hii ni kwa ajili yenu.

Sateliti za GPS zinazunguka dunia kwa urefu wa kilometre karibu 20.200. Kila moja iko na saa ya kweli sana, na inatuma alama: "Mimi ni sateliti fulani, saa ni hii." Alama inakimbia kilometre karibu 300.000 kwa sekunde moja. Kama sateliti iko juu kabisa ya kichwa, alama inatumia sekunde karibu 0,067 kufika. Chombo kinapima wakati ule, kinapata urefu. Kwa sateliti tatu kingeweza kujua mahali kinakuwa, lakini saa yake si ya kweli sana. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde linaleta kosa la metre 300! Kwa hiyo kinatafuta sateliti ya ine, kusudi kisahihishe saa yake.

Lakini muangalie vizuri. GPS inajulisha chombo chenyewe tu mahali kinakuwa. Kusudi ninyi nyumbani mujue, chombo kinapaswa kutuma habari kwa njia ya telefone. Kama rezo ya telefone haipo, ao batri imekwisha, hamutapata kitu. Na ndani ya nyumba ya mabati alama inakuwa zaifu. Kwa muji mukubwa chombo hiki kinaweza kuokoa mutu. Kwa kijiji kisichokuwa na rezo, watoto watatu wenye mbio watafanya vizuri zaidi.

4. MASHINI HAITOSHI PEKE YAKE

Wanafunzi wengine wakisoma hivi watasema: "Basi, tununue mashini, mambo imekwisha." Tusikilize kwanza habari ya Uingereza.

Kule walifanya jaribio moja kubwa lenye jina ATTILA. Walichukua watu 495 wenye demansi wanaoishi nyumbani kwao. Kundi la kwanza walipewa mashini mingi za kusaidia na kulinda: za kukumbusha dawa, za kujulisha kama mulango umefunguliwa, na nyingine kwa kadiri ya lazima ya kila mutu. Kundi la pili walipewa vitu vichache vya kawaida tu, sawa chombo cha kujulisha moshi na kifungo cha kuita musaada. Waliwafuata kwa majuma 104. Matokeo yalichapwa mwaka wa 2021: wale wa mashini mingi hawakukaa nyumbani kwao wakati murefu kuliko wengine mbele ya kupelekwa ku nyumba ya kutunza wazee, na muzigo wa walinzi wao haukupunguka.

Je, maana yake mashini ni bure? Hapana. Maana yake ni kwamba mashini haitunzi mutu. Mashini inaweza kulia kwamba mulango umefunguliwa, lakini nani ataamka kwenda kumushika mama mukono? Inaweza kusema "Ni saa ya dawa", lakini kama mugonjwa anakataa, nani atakaa naye mpaka akubali? Muangalie tena zile mbili za kwanza. COACH inamurudishia mutu kazi yake mwenyewe, CIRCA inamurudishia mwenziwe wa kuzungumza. Hii njo kipimo chetu: mashini nzuri ni ile inayosaidia nguvu iliyobaki na kuwasogeza watu karibu. Ile inayowekwa kusudi watu waende zao, hata ikiwa ya bei kali, ni mubaya.

5. NA SISI HUKU KWETU?

Hatuna kamera juu ya beseni, na pengine hata beseni hatuna, iko ndoo na kopo. Umeme unakuja na kwenda. Lakini katika nyumba nyingi kuna telefone, hata moja kwa jamaa nzima, na telefone ni ordinatere ndogo. Tunaweza kufuata akili ya wale watu bila kununua mashini yao. Hapa kuna mambo matano ya kujaribu:

(a) Saa na sauti. Tia sauti ya mutu anayependwa katika telefone ilie kila siku kwa saa ile ile: "Nkambo, ni asubuhi, ni saa ya kunywa dawa." Neno fupi, jambo moja tu. Siku za kwanza ukae karibu naye, kwa maana sauti isiyokuwa na mutu inaweza kumuogopesha. Kama anaogopa, acha.

(b) Nyimbo. Tia nyimbo za ujana wake: za kwaya, za harusi, za kazi ya shamba. Usimuulize jina la wimbo. Imba naye.

(c) Mafoto ya kuanzisha habari. Piga mafoto ya vitu vya zamani: kinu na muchi, treni, taa ya petroli, kengele ya misioni, kitambaa cha zamani, mashini ya kushona ya mukono. Onyesha moja moja. Usiseme: "Hii ni nini?" Useme: "Nkambo, hii inanikumbusha siku za zamani, tuambie kidogo." Kisha unyamaze, ungojee. Kungojea njo kazi nguvu zaidi.

(d) Kazi kwa vipande. Kama anakusaidia kuchambua sombe ao kukunja nguo, umuonyeshe kipande kimoja, ungojee, kisha kipande kingine. Ufanye sawa COACH: anapokwenda vizuri, wewe unyamaze.

(e) Njia ya kurudi. Ushone ndani ya nguo yake kipande cha kitambaa chenye jina lake na namba ya telefone ya jamaa. Uwaambie majirani, watu wa kanisa na wauzaji wa soko: "Mama yetu ni mugonjwa wa kusahau. Mukimuona peke yake, mutuite." Neno hili linafanya kazi mbili. Linamurudisha nyumbani, tena linafunga kinywa cha wale wanaotaka kumuita mulozi.

Na wewe unayetunza mugonjwa, usijisahau. Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwaka wa 2019 mafundisho yenye jina iSupport, kwa ajili ya kufundisha walinzi wa wagonjwa hawa. Neno moja kubwa ndani yake ni kwamba mulinzi naye anahitaji kupumzika na kusaidiwa. Katika jamaa zetu kazi hii mara nyingi inabaki kwa binti mumoja tu, naye anaacha masomo. Ndugu wengine wanasema: "Yeye njo anamuzoea." Hii si haki. Mugawanye siku.

6. HESHIMA YA MUZEE

Kabla ya kumaliza, tufikiri juu ya haki. Kumuvalisha mutu chombo kinachosema kila wakati mahali anakuwa, ao kuweka kamera ku chumba chake, si jambo dogo. Yeye si mwizi. Mbuzi tunamufunga kamba, muzee hatumufungi. Njia nzuri ni kuzungumza naye mapema, wakati ugonjwa ungali mudogo na yeye anaweza kuchagua: "Mama, kama siku moja unapotea, unataka tukutafute namna gani?" Jibu lake mulishike, hata wakati yeye mwenyewe atakuwa amelisahau.

Tena musimuonyeshe watu. Kuna vijana wanaopiga sinema ya muzee anayechanganyikiwa, wanaituma kwa rafiki kusudi wacheke. Telefone ile ile inayoweza kumuimbia mama wimbo wa harusi yake inaweza pia kumuvua heshima. Mashini haina roho, inafuata roho ya mutu anayeishika. Na amri ya kuheshimu baba na mama haikusema iishe siku wanaposahau majina yetu.

7. NENO KWA NINYI VIJANA

Mwaka wa 2024 tume moja ya wanganga iliandika katika gazeti The Lancet kwamba, kama tungeweza kuondoa mambo 14 yanayosaidia ugonjwa huu, karibu 45 kwa mia ya demansi duniani ingeweza kuepukwa ao kucheleweshwa. Kati ya mambo yale kuna damu kupanda, sukari, tumbako, pombe mingi, kupigwa ku kichwa, masikio na macho yasiyotunzwa, na kukaa peke yake bila rafiki. Tena kuna jambo la kwanza la ujana: kukosa masomo. Kusoma kunaipa bongo akiba. Kwa hiyo dada anayeachishwa masomo leo kusudi atunze nkambo, tunamuondolea akiba yake ya kesho. Jamaa ifikiri mara mbili.

Na katika ninyi, pengine kuna mumoja atakayetengeneza siku moja programu ya telefone inayosema na wazee katika Kiswahili chetu, Kiluba, Kibembe ao Mashi, pamoja na mafoto ya soko letu na nyimbo zetu. Programu nyingi za kazi hii zilitengenezwa kwa lugha za mbali. Mugonjwa anayepoteza maneno anarudi mara nyingi kwa lugha aliyonyonya nayo. Kazi hii inawangojea.

Lakini musingoje programu. Leo jioni, mukirudi nyumbani, mukae karibu na yule muzee anayewekewa chakula ku mulango. Mukule naye.

MAULIZO

1. Kwa nini mugonjwa wa Alzheimer anasahau mambo ya jana na kukumbuka ya zamani?
2. Taja tofauti mbili kati ya demansi na machafuko ya akili yanayoletwa na malaria.
3. Kwa nini GPS inatafuta sateliti ya ine? Kama kosa la saa ni sehemu mbili za milioni ya sekunde, kosa la urefu ni metre ngapi?
4. Foto ya soko ilifungua mazungumzo kuliko foto ya jamaa. Eleza sababu kwa maneno yako.
5. Jaribio la ATTILA linatufundisha nini? Jibu kwa misitari mitano.
6. Kwa kuzungumza katika kalasi: Jirani anasema nkambo wa rafiki yako ni mulozi kwa sababu anatembea usiku. Utamujibu namna gani, kwa adabu, bila kuogopa?